Ngozi ya Shamimu Ilipoanza Kung'aa

Wanawake walisema Shamimu anang'aa. Walisema hivyo kila waliposogeza pazia la chumba cha mwali, nyumbani kwa bibi yake kule Handeni, wakamkuta ameketi mkekani, mgongo umenyooka, mikono mapajani, macho chini.

"Itazameni shingo hiyo," walisema. "Kama kioo."

Fatu, mama yake, alikuja siku ile kutoka Korogwe kuleta mchele na sabuni. Alisimama mlangoni akacheka kwa furaha. Mtoto ambaye watu walishamchimbia kaburi kwa midomo yao, leo anasifiwa ngozi!

Shamimu alizaliwa na selimundu. Aliyelea mtoto wa selimundu hahitaji kuambiwa, na asiyelea amshukuru Mungu. Mifupa inauma mtoto analia kama anachomwa, macho yanakuwa manjano, damu inaisha mwilini hujui inakwenda wapi. Miaka hiyo Fatu alikuwa anaanika katani kwenye shamba la mkonge huko Mazinde. Mara nyingi aliitwa kutoka kwenye waya za kuanikia akakimbia vilevile, nyuzi zimemng'ang'ania kwenye kanga, akafika hospitali watu wanamtazama kama mwendawazimu.

Halafu wakasikia kwamba hospitali kubwa Dodoma wanapandikiza uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Wakampima Adamu, kaka mtu, wakasema wa kwake unaoana na wa dada yake. Adamu hakuuliza mara mbili. Uboho ukatolewa kwake, ukaingia kwa Shamimu polepole kutoka kwenye mfuko unaoning'inia, kama damu ya kuongezewa tu. Ikapita miezi. Macho ya Shamimu yakawa meupe. Akaanza kukimbia, akaanza kula, akaanza hata utundu wa kujibu watu.

Kabla hawajaruhusiwa, Dokta Bernadina, yule mama mfupi mwenye miwani aliyemhudumia, aliwakalisha chini.

"Uboho wa kaka ni mgeni ndani ya mwili wa dada," alisema. "Unaweza kukaa naye vizuri, halafu baadaye sana ukaanza kugombana na mwenyeji wake. Mkiona ngozi imebadilika rangi, inakaza au inang'aa, mdomo unakauka, macho yanachoma, pumzi inakuwa fupi, msingoje tarehe ya kliniki. Njooni siku hiyohiyo."

Fatu aliitikia kwa kichwa. Alisikia neno kugombana, akategemea vipele, usaha, mtoto kulia usiku kucha. Hilo la kung'aa lilimpita. Nani anaogopa kung'aa?

Shughuli ya mwali ililetwa na Bibi Mwantumu, mama mkwe wake.

"Huyu alivunja ungo akiwa mgonjwa, tukamwacha," alisema Bibi Mwantumu. "Sasa ni mzima. Mnataka aende kwa mume hajafundwa? Watu watasema kwangu hakuna bibi."

"Mama, mtoto bado anameza vidonge," Fatu alijaribu.

"Mimi nimeshindwa kumpa mtu kidonge? Nimelea watu kumi hapa, na mumeo mmoja wao. Alikuwa anatema dawa huyo, nikambana pua."

Mdoe, mume wake, akacheka akasema mama ameshasema. Fatu naye akajishawishi. Dodoma walimwambia mtoto akae mbali na jua kali, na mwali haoni jua. Kipi bora? Basi shule zilipofungwa Desemba, Shamimu akaingia ndani. Vidonge alikwenda navyo. Hospitali walikuwa wameanza kuvipunguza kidogo kidogo, kama inavyotakiwa, na Bibi Mwantumu alimpa bila kukosa. Ila tarehe ya kliniki iliangukia katikati ya siku za ndani, na mwali hatoki. Fatu alisema atapiga simu Dodoma kuwaeleza. Hakupiga. Aliona haya kumwambia daktari kwamba mtoto yuko kwenye mambo ya kimila.

Kumbe huko ndani ugonjwa ulikuwa umepata nyumba.

Mwali wa kwao hupakwa mafuta ya nyonyo na manjano kila asubuhi. Manjano yakafunika madoa yaliyoanza kumtoka Shamimu. Mwali hufungwa shanga kiunoni. Mwali haruki, hanyooshi mikono juu, hacheki akaonyesha meno, husema kwa sauti ndogo. Kila jambo ambalo lingemshtua mama akiliona nje, humo ndani liliitwa adabu.

Fatu alirudi Handeni siku moja kabla ya mwali kutolewa. Uani palikuwa na masufuria, kuni, vicheko, ngoma zimeegemezwa ukutani. Adamu, ambaye anaendesha gari aina ya Noah kati ya Korogwe na Handeni, ndiye aliyemleta, akabaki nje, kwa kuwa mwanamume haingii kwa mwali hata akiwa kaka.

"Mke mwenzangu," Bibi Mwantumu alimtania mjukuu wake, "msalimie mama yako, asije akasema nimekufundisha kiburi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya mtoto ilitoka kama imepita kwenye tundu la sindano. Fatu aliisikia, ikamkaa.

"Wali wote nilioletewa niwafunde," Bibi Mwantumu aliwaambia wanawake waliojazana mlangoni, "hakuna aliyeshika mafunzo kama huyu. Hacheki ovyo. Hainui mikono. Hata ukimwita hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima, taratibu, kama bibi harusi."

"Atampata mume wa maana huyo!" mmoja alipaza sauti.

"Wa maana amewahiwa, ni babu yake," Bibi Mwantumu alijibu, wakaangua kicheko.

Fatu alicheka nao, macho yake kwenye mdomo wa mwanawe. Shamimu wake alikuwa mtoto wa kucheka mpaka kimio kinaonekana. Sasa midomo ilisogea kidogo tu pembeni, ikaishia hapo. Macho ndiyo yaliyocheka. Na macho yenyewe yalikuwa mekundu, makavu, yanapepesa kama yameingia mchanga.

Adhana ya alasiri ikasikika. Wanawake wakatawanyika. Shamimu akasimama kuswali, Fatu akakaa nyuma yake akimtazama. Kurukuu aliinama kidogo, kama mzee mwenye maumivu ya kiuno. Aliposhuka kusujudu, hakuweka viganja chini. Aliweka ngumi. Ngumi mbili juu ya mkeka, kama mtu anayekanda unga.

"Viganja, mwanangu, viganja!" Bibi Mwantumu alinong'ona, kisha akamgeukia Fatu. "Hilo tu ndilo limemshinda. Namwambia kila siku."

Fatu alingoja mtoto atoe salamu, akasogea kwa magoti mpaka mbele yake.

"Fungua mkono."

"Nimefungua, mama."

Vidole vilikuwa vimejikunja. Fatu akavishika kuvinyoosha, vikagoma, na Shamimu akavuta pumzi kwa uchungu. Akamwambia afungue mdomo. Ukafunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai. Fatu akakamata ngozi ya mkono wa mwanawe kwa vidole viwili ili aibane, kama unavyobana shavu la mtoto mchanga. Vidole vikateleza. Akabana tena. Hakuna kilichoinuka. Ngozi ilikuwa imeshikana na kilicho chini yake, ngumu, laini juu, inang'aa.

Akaijua hali ile. Ndivyo katani ilivyo. Ikitoka kwenye maji ni laini, inalala mkononi kama nywele. Ikishakauka kwenye waya inasimama yenyewe, ukitaka kuikunja inakukata.

Akafunua kanga kiunoni. Chini ya zile shanga ngozi ilikuwa imekaza kuliko kote, imefanya mabonde na matuta, nyeusi pande hizi, nyeupe pande zile, shanga zimezama humo.

"Tangu lini, Shamimu?"

"Sijui, mama. Ilianza mikononi. Nilidhani ndiyo kukua. Bibi alisema mwali mwili lazima ukaze."

"Mbona hukusema?"

"Mwali hasemi."

Fatu akamwekea mkono kifuani. "Unapumua vizuri?"

"Napumua. Ila nikivuta sana kifua kinagoma. Kama nimevaa sare yangu ya darasa la tatu."

Hapo Fatu akasimama. Neno la Dokta Bernadina, lile lililompita, likamrudia lote, kwa sauti yake.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, "tunaondoka. Tunaenda hospitali sasa hivi."

"Kesho anatoka."

"Sasa hivi, mama."

"Wewe Fatu, umerukwa na akili? Ngoma imealikwa. Wazee wamefika. Mwali hatolewi bila ngoma, anatoka na mikosi yake mgongoni. Akija kukosa mtoto huko mbele, nani atajibu? Wewe?"

Maneno hayo yalimwingia, tusidanganyane. Fatu naye alitolewa kwa ngoma, na mama yake kabla yake. Aliogopa. Kwa kitambo akawaza: ni usiku mmoja tu, kesho adhuhuri wanakuwa njiani. Usiku mmoja utafanya nini? Halafu akakitazama kifua cha mwanawe kinavyopanda kidogo na kushuka kidogo, akaona kwamba akingoja ngoma atamzika mtoto nayo.

Hakubishana. Aliuchukua mkono wa Bibi Mwantumu, akauweka mgongoni kwa Shamimu, akaukandamiza.

"Wewe ndiye uliyekuwa unampaka kila asubuhi. Mkono wako haukusikia kitu?"

Bibi Mwantumu akauacha mkono pale. Ukasogea begani, ukarudi ubavuni, ukasimama. Uso wake ukaanguka.

"Ulisikia," alisema polepole. "Nilidhani ni afya."

Kisha yule mzee akapiga magoti kwa shida, akainamia kiuno cha mjukuu wake, akakata uzi wa shanga kwa meno. Shanga zikadondoka mkekani zikitawanyika. Alama zake zikabaki palepale kwenye ngozi, mstari kwa mstari, kana kwamba zingali zimevaliwa.

Akamfunika Shamimu kanga kichwani, akamshika kiwiko, akamtoa mwenyewe. Kule uani, wanawake walipoona mwali yuko mlangoni wakadhani mambo yamesogezwa mbele. Mmoja akapiga kigelegele, wa pili akapokea, kikajaa uani kote. Bibi Mwantumu akainua mkono.

"Nyamazeni," alisema. "Mwali anaumwa."

Kigelegele kikakatika.

Garini, Adamu alimtazama dada yake kwenye kioo cha kati. Alikuwa na hamu naye.

"Ndiyo nini sasa, umefundwa mpaka umesahau kunitukana?"

"Nikikutukana mdomo utapasuka," Shamimu alisema. "Nakuwekea."

Adamu alicheka, akamwangalia mama yake, akaacha kucheka. Fatu akamweleza, kwa kifupi, macho yake barabarani. Mashamba ya mahindi yakapita, mbuzi wakapita.

"Kwa hiyo ni mimi," Adamu alisema hatimaye.

"Si wewe, baba."

"Damu ni yangu, mama. Kinachogombana humo ndani ni changu. Ningekataa, angekuwa na selimundu yake, lakini angecheka."

"Angekuwa amekufa," Shamimu alisema kutoka nyuma. "Endesha gari."

Hospitali ya Korogwe, daktari wa zamu alimpima kifua, akapiga simu Dodoma palepale mbele yao. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Akaandika barua, akawapa dawa ya kuanzia, akasema wasilale Korogwe, waendelee na safari. Mdoe aliwakuta stendi na nguo za kubadili. Alitaka kuuliza ngoma imekuwaje, akaona uso wa mke wake, akapanda gari.

Kule Dodoma, Dokta Bernadina hakuwagombeza, na hilo lilimtisha Fatu kuliko makaripio. Alimbana Shamimu ngozi mkononi, tumboni, kifuani, shingoni, kila mahali anaandika. Alikata kipande kidogo cha ngozi kwenda kupima. Akamwambia apulize kwenye mashine ya pumzi. Majibu yalipotoka aliwaita wote wanne.

"Fatu, ukijikata na kisu jikoni, kidonda kinazibwa na nani?"

"Si kinajiziba chenyewe?"

"Kinazibwa. Chini ya ngozi ya kila mtu kuna seli ndogo sana, kitaalamu tunaziita faibroblasti. Kazi yake ni kutengeneza nyuzi. Mahali palipochanika zinakuja, zinashona, zikimaliza zinatulia. Ndiyo maana unabaki na kovu. Sasa, seli za damu zilizotoka kwa Adamu zikipita kwenye ngozi ya Shamimu zinaiona ngeni, zinaichokoza. Zile za kushona zinapata habari kwamba kuna jeraha. Jeraha wapi? Kila mahali. Basi zinashona kila mahali. Nyuzi juu ya nyuzi, ngozi inakaza, inavutwa, inang'aa. Ni kama mwili mzima unafanya kovu. Na panapobanwa sana, kama kiunoni, mara nyingi ndipo panapozidi."

Fatu akazikumbuka shanga.

"Kwa hiyo ni zangu kweli zilizoanzisha," Adamu alisema. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ugomvi ulianzia kwa zako, bila wewe kutaka. Uboho huohuo ndio uliomponya dada yako," Dokta Bernadina alisema. "Lakini zinazoshona si zako, Adamu. Ni za Shamimu mwenyewe."

Adamu aliinua kichwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Fatu yeye alikuwa amejiandaa kwa adui wa kuja. Sasa anaambiwa anayemfunga mtoto wake ni mwili wa mtoto wake, na unafanya hivyo ukidhani unamtibu. Kama vile bibi alivyokuwa akipaka mafuta.

"Si mziambie ziache?" aliuliza.

"Ndiyo kazi yenyewe. Tukituliza za damu mapema, hizi nazo huwa zinasikia. Zikishona muda mrefu zinazoea. Zinaweza kuendelea hata kama aliyezituma amenyamaza, tena zenyewe zinaziita zile za damu zirudi. Ndiyo maana niliwaambia msingoje kliniki."

"Tumechelewa?"

Daktari alivua miwani. "Kwa vidole na kiuno, mmechelewa. Vitalegea kidogo, sitawaahidi zaidi. Kwa kifua, sijui bado. Mapafu yenyewe ni mazima, kinachobana ni ngozi ya juu. Mngekuja mwezi ujao ningekuwa na maneno mengine."

Walikaa Dodoma mpaka mvua za masika. Dawa zilimvimbisha Shamimu uso, zikamfanya alie bila sababu. Kila siku mama mmoja wa mazoezi alimnyoosha vidole, mabega, taya, na Fatu alijifunza kufanya vilevile huku anasikia meno ya mtoto yanasagana kwa maumivu. Kuna asubuhi alimkuta amelala kimya mno, akaweka sikio kifuani, hana hakika kama anasikia pumzi ya mtoto au damu yake mwenyewe inavyogonga. Kifua kiliacha kukaza. Hakikurudi kilivyokuwa, ila kiliacha.

Sasa wako nyumbani, Kwamndolwa, hapo Korogwe. Kila asubuhi Shamimu anasimama ukutani, Adamu anamkandamizia viganja kwenye tofali kabla hajaenda kazini, na matusi yote yaliyowekwa akiba yanatoka hapo. Anasujudu kwa ngumi. Bibi Mwantumu amekuja mara mbili. Hakuleta mafuta. Kule kwake Handeni bado wanamletea mabinti wa kufundwa, na wanasema siku hizi kabla hajampaka mtoto yeyote anauliza kwanza amewahi kuugua nini, kisha anambana mkono, anatazama kama ngozi inainuka.

Juzi jirani yao Bi Sabiri alipita kwenye uzio, akamwona Shamimu amekaa kivulini anachambua mchicha.

"Mashallah, mama Adamu!" alipaza sauti. "Huyu mtoto amenawiri! Anang'aa hasa!"

Fatu alikuwa anafua. Aliacha nguo kwenye beseni, akaja mbio, mikono inachuruzika povu, akamkamata Shamimu shavu.

"Mama! Nimepaka mafuta tu. Mafuta ya mgando, mama."

Bi Sabiri alisimama pale uzioni haelewi amekosea nini. Fatu hakumtazama. Alibana ngozi ya shavu, ikainuka kidogo. Akahamia shingoni, akabana. Akafungua kifungo cha juu cha gauni, akabana kifuani, pale chini ya mfupa wa bega, mahali anapopaogopa, akangoja. Ikainuka. Akaiachia, akaitazama inavyorudi chini, kisha akabana tena.